Vibao vya gia nyuma ya usukani: lini uvivute, lini uviache

SWALI: Mhandisi, salaam. Nimenunua Volkswagen Golf GTI ya mwaka 2014, otomatiki ya gia 6, iliyotumika Japani. Nyuma ya usukani ina vibao viwili, kimoja cha kutoa na kingine cha kujumlisha. Sijavigusa, maana jamaa yangu kazini anasema ukishusha gia gari likiwa na kasi injini inapasuka. Mwezi ujao nitatoka nalo Iringa kurudi Dar, na mteremko wa Kitonga unanitia wasiwasi. Nivitumie au niviache? Vinaua giaboksi? Na fundi wangu anasema oili ya giaboksi hii haibadilishwi maisha, ni kweli? Msomaji, Tabata.

JIBU: Ndugu yangu wa Tabata, vitumie, na Kitonga ndiko vitakakokufaa kuliko mahali pengine popote. Ila kuna jambo moja ulishike kabla ya mengine yote: kibao cha gia ni cha kuomba gia mapema, kabla hujaihitaji. Anayekivuta akiwa tayari katikati ya kona, au akiwa tayari amebanwa na lori mbele, amechelewa, na madhara mengi ya vibao hivi hutokana na kuchelewa huko.

Tuanze na hofu ya jamaa yako, kwa sababu ana nusu ya ukweli. Kwenye gari la gia za mkono, dereva aliye 120 km/h katika gia ya 5 akikosea akachomeka ya 2 na kuachia klachi, magurudumu yataizungusha injini kupita kikomo chake kwa nguvu. Valvu hazirudi kwa wakati, pistoni inazigonga, na hapo injini imekufa. Hakuna kompyuta inayoweza kuzuia hilo, maana mkono wa dereva umeunganika na gia moja kwa moja.

Kwenye gari lako kibao ni swichi tu. Ukikivuta, unapeleka ombi kwa kompyuta ya giaboksi. Yenyewe inapiga hesabu: nikiingiza gia hii kwa mwendo huu, injini itafika mizunguko mingapi kwa dakika? Ikiona itapita kikomo, inakataa. Namba kwenye dashibodi haibadiliki, na hakuna kilichoharibika. Kwa hiyo huwezi kuipasua injini ya GTI nzima kwa kuvuta kibao cha kushoto, kile cha kushusha gia, ukiwa na kasi.

Lakini ulinzi huo una mipaka, na hapa ndipo wengi wanapojidanganya. Kompyuta inapima mwendo wa sasa na mizunguko ya sasa. Haijui kwamba lami imelowa, haijui kona iliyo mbele ni kali kiasi gani, na haijui kuna semi imekusogelea nyuma. Hayo ni ya kwako.

Giaboksi yenyewe inaitwa DSG. Volkswagen waliiingiza barabarani mwaka 2003 kwenye Golf R32, na ya kwako ya gia 6 inajulikana kiwandani kama DQ250. Ndani yake kuna klachi mbili zinazozunguka ndani ya oili. Moja inahudumia gia witiri, yaani 1, 3 na 5, pamoja na rivasi. Nyingine inahudumia 2, 4 na 6. Ukiwa gia ya 3 unaongeza mwendo, ya 4 tayari imeshachomekwa upande wa pili ikisubiri klachi yake. Ukivuta kibao cha kulia, klachi moja inaachia huku nyingine inashika, na nguvu haikatiki. Ndiyo maana hubadilisha haraka kuliko mkono wa mtu. Wazo la kubadilisha gia bila kuondoa mikono kwenye usukani lilitoka kwenye mashindano: Ferrari waliingia msimu wa Formula 1 wa 1989 na vibao nyuma ya usukani, na dereva wao Nigel Mansell akashinda mbio za kwanza kule Brazili.

Mpangilio huo wa klachi mbili unaeleza kitu utakachokiona siku ya kwanza. Ukiwa unakanyaga mafuta, kompyuta inabashiri kwamba unataka kupanda, hivyo inaandaa gia ya juu. Ukivuta ghafla cha kushoto, inabidi iitoe iliyoiandaa na kuchomeka ya chini, kwa hiyo kuna kusitasita kidogo. Hiyo si hitilafu. Punguza mguu kwenye mafuta kwanza, kisha vuta. Itakuwa imeshaelewa unakoelekea.

Sasa vidhibiti vyenyewe. Kibao cha kushoto, chenye alama ya kutoa, kinashusha gia. Cha kulia kinapandisha. Kila mvuto mmoja ni gia moja. Ukiwa D ukavuta kibao, gari linaingia hali ya mkono kwa muda tu. Ukikaa sekunde kadhaa bila kuvuta tena, linarudi D lenyewe. Ukitaka kulirudisha upesi, vuta cha kulia ukishikilie kama sekunde moja au mbili. Hali hii ya muda inafaa kulipita gari au kupunguza mwendo unapokaribia kijiji. Haifai mteremko mrefu, kwa sababu giaboksi inaweza kurudi D na kujichagulia gia wakati wewe unategemea ya 3. Kwa mteremko mrefu sukuma mkono wa gia pembeni kutoka D, uone herufi M kwenye dashibodi, kisha endelea na vibao.

Hata ukiwa M, gari lako lina mambo matatu ambayo halikuombi ruhusa. Mizunguko ikishuka mno litashusha gia lenyewe lisizime. Na mizunguko ikifika kikomo cha juu, litapandisha gia lenyewe. Hili la pili likumbuke, tutalihitaji Kitonga. Pia ukikanyaga mafuta mpaka chini kabisa, pale unapohisi mbonyeo mwishoni mwa pedali, linashusha gia lenyewe hata kama hujagusa kibao.

Kabla ya safari, tengeneza hesabu ya gari lako mwenyewe. Katika gia moja, mizunguko na mwendo vinakwenda pamoja sawasawa. Tafuta barabara iliyonyooka na tulivu asubuhi, weka M, na abiria wako aandike. Tuseme gia ya 3 kwa 50 km/h inasoma mizunguko 2,300. Basi kwa 100 km/h itasoma 4,600, huna haja ya kujaribu. Fanya hivyo kwa gia ya 2, 3 na 4, uandike kwenye karatasi ndogo uibandike juu ya dashibodi wiki mbili za mwanzo. Utakapotaka kushusha gia utakuwa unajua sindano ya mizunguko itaruka mpaka wapi. Dereva anayeshangazwa na mlio wa injini baada ya kuvuta kibao ni dereva aliyevuta bila kujua.

Na injini iwe imepata moto. Golf 7, yaani toleo la saba kama hili lako, inakuonyesha joto la oili ya injini kwenye skrini ndogo iliyo kati ya mita za dashibodi. Mpaka ifike kama nyuzi 80, usivuke mizunguko 3,000. Oili nzito ya asubuhi haijafika kila pembe, na turbo ndiyo ya kwanza kuumia.

Tufike Kitonga. Ukitoka Iringa, baada ya Ilula barabara inaanza kuzama kuelekea Ruaha Mbuyuni, kona juu ya kona, ukuta wa mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili, na malori yanayotambaa mbele yako. Hatari kubwa hapo ni joto la breki. Anayeteremka katika D huku mguu ukiwa juu ya breki muda wote anazipika pedi na diski, na joto linapita mpaka kwenye mafuta ya breki. Mafuta ya breki aina ya DOT 4 yakiwa mapya yanatakiwa yasichemke chini ya nyuzi 230. Yakishanyonya unyevu, kiwango kinachokubalika kinashuka mpaka 155. Yakichemka, mapovu ya mvuke yanaingia kwenye paipu, na mvuke unabanika. Pedali inazama mpaka sakafuni, gari halisimami. Gari la mtumba ambalo hujui mafuta yake ya breki yalibadilishwa lini, badilisha kabla ya safari hii, kisha kila baada ya miaka 2.

Breki ya injini haina tatizo hilo. Ukiwa kwenye gia na mguu umeutoa kwenye mafuta, kompyuta inakata petroli kabisa, na magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Kazi hiyo ya kuizungusha inakula mwendo, na joto lake halifiki kwenye diski. Ndiyo maana wanaoteremka wakiwa N kwa kudai wanaokoa mafuta wanapoteza pande zote mbili: kwenye N injini inahitaji petroli ili isizime, na gari limebaki na breki za miguu peke yake. Kwa sababu hiyohiyo, kama Golf yako ina kitufe cha kuchagua hali ya uendeshaji, usiteremke ukiwa Eco. Baadhi ya Golf 7 za DSG zikiwa Eco hufungua klachi ukitoa mguu kwenye mafuta, gari likaserereka kama liko huru. Weka Normal au Sport.

Fanya hivi. Kabla mteremko haujaanza, ukiwa bado kwenye sehemu tambarare, weka M. Punguza mwendo kwa breki ukiwa umenyooka, kisha vuta kushoto mara moja, subiri sindano itulie, vuta tena kama bado. Ingia mteremko ukiwa gia ya 3. Ukikuta foleni ya malori, ya 2. Gia sahihi ni ile ambayo ukitoa miguu kwenye pedali zote mbili, gari linashikilia mwendo wake au linaongeza polepole sana, na mizunguko iko kati ya 2,500 na 4,000. Usiogope mlio. Injini ya petroli yenye oili nzuri inaweza kuzunguka 4,000 kuanzia juu ya Kitonga mpaka chini bila kudhurika. Haina mzigo wa kuchoma mafuta hapo.

Mwendo ukianza kupanda, usiache upande kwa matumaini kwamba kona inayofuata itaupunguza. Kanyaga breki kwa uthabiti mpaka upungue kama 10 km/h chini ya ule unaoutaka, achia kabisa, acha diski zipate hewa. Ikibidi ukanyage tena baada ya muda mfupi tu, gia yako ni ya juu mno: kanyaga, punguza, vuta kushoto mara moja. Hapa ndipo lile la kupandisha gia lenyewe linapokuwa na maana. Ukiliacha gari katika gia ya 2 liongeze mwendo mpaka sindano ifike kwenye mstari mwekundu, yaani kikomo cha mizunguko, litajiokoa kwa kuingia ya 3, na kwa sekunde hiyo umepoteza breki ya injini mahali ulipoihitaji zaidi. Wakati huo ukivuta kushoto litakataa, kwa sababu mwendo umeshakuwa mkubwa. Kompyuta itakuwa imeilinda injini, na wewe umeachwa na breki peke yake. Kwa hiyo mguu wa breki ndio unaotunza gia, na gia inatunza breki.

Kitu kingine kinachosahaulika: ukipunguza mwendo kwa gia, taa za breki za nyuma haziwaki. Dereva wa semi aliye nyuma yako anaona Golf inakaribia ghafla bila onyo lolote. Kila unapovuta kushoto na kuna gari nyuma, gusa pedali ya breki kidogo tu, kiasi cha kuwasha taa.

Kuhusu kona, kanuni ni kwamba kazi ya gia imalizike kabla usukani haujapinda. Kwanza, vibao vya Golf vimefungwa kwenye usukani wenyewe, vinazunguka nao. Kwenye kona ya kujikunja, usukani ukiwa umepinda nusu mzunguko, kibao cha kushoto kiko upande wa kulia, na vidole vitavuta kisicho chenyewe. Pili, GTI inavutwa na magurudumu ya mbele, na breki ya injini inafanya kazi kwenye magurudumu hayohayo yanayokata kona. Ukishusha gia ghafla katikati ya kona iliyolowa, matairi ya mbele yanapewa kazi mbili kwa wakati mmoja. Yakishindwa, gari linakwenda mbele moja kwa moja huku usukani umepinda. Mwenye gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, kama Toyota 86, kwake ni mkia unaotoka. Mfumo wa kuzuia kuteleza unasaidia, lakini hauwezi kuongeza mshiko ambao tairi halina. Kwenye mvua shusha gia moja moja, mapema zaidi, na uchague gia moja juu ya ile ambayo ungetumia pakavu.

Kulipita gari ni jambo jepesi kwa GTI, ukishajua kwamba nguvu yake ya kuvuta, 350 Nm, inapatikana yote kuanzia mizunguko 1,500 hivi mpaka 4,400. Huna haja ya kuifikisha kwenye mstari mwekundu. Ukiwa bado nyuma ya lori, na umehakikisha kwamba mbele ni peupe, vuta kushoto mara mbili mpaka sindano ikae karibu na 3,000, kisha toka. Usitoke kwanza ndipo uanze kutafuta gia, maana turbo nayo inahitaji muda wake mfupi wa kujaza. Ukisharudi upande wako ndipo uvute cha kulia.

Kosa la upande wa pili ni kukaa gia ya juu mno. Mtu anajipandishia mpaka ya 6 kwa 60 km/h ili aokoe mafuta, kisha anakutana na mlima na kukanyaga mafuta kwa nguvu, bila kufika kwenye ule mbonyeo wa mwisho, huku mizunguko ikiwa 1,300. Injini za turbo zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda hazipendi jambo hilo: mchanganyiko unaweza kuwaka kabla ya plagi kutoa cheche, na pigo hilo likirudiwa linavunja pistoni. Mlimani, mizunguko isiwe chini ya 2,000 unapotaka nguvu.

Mjini kwenye foleni ya Mandela Road, viache vibao vipumzike. Weka D. Kinachochosha klachi za DSG ni kusogea sentimita kwa sentimita, na kibaya zaidi ni kulizuia gari kwenye kilima kwa kukanyaga mafuta kidogo badala ya breki. Klachi inateleza muda wote huo na kuichemsha oili. Acha nafasi ya gari moja mbele, kisha songa kwa mkupuo. Dashibodi ikileta onyo kwamba giaboksi imepata joto kupita kiasi, egesha mahali salama, weka P, usiondoke mpaka onyo litoweke.

Umeuliza kama vibao vinaua giaboksi. Mabadiliko ya gia yenyewe, yakifanywa kwa mpangilio, hayazidi yale ambayo D ingefanya. Ila kuondoka kwa kishindo kila mara, au kupandisha na kushusha kwa kuchezea mlio, kunakula klachi. Gari lako likitetemeka linapoondoka, likipiga teke kutoka ya 2 kwenda ya 1, au likipoteza gia zote za witiri pamoja na rivasi, hilo ni tatizo la klachi au la kitengo cha umeme na oili kinachoitwa mekatroniki. Lipelekwe kwa fundi mwenye kompyuta ya kusoma Volkswagen, kama VCDS, kabla ya Kitonga.

Mwisho, oili. Kwenye DQ250 fundi wako amekosea. Klachi zinaishi ndani ya oili ileile inayolainisha gia na kuendesha mekatroniki, na unga wa klachi unaingia humo. Inabadilishwa kila kilomita 60,000 pamoja na filta yake. Kwa kuwa gari ni la mtumba na hujui historia yake, hesabu kwamba haijawahi kubadilishwa. Giaboksi nzima inachukua lita 7.2, lakini kwa kumwaga kawaida hutoka na kuingia takriban 5.2, kwa hiyo nunua lita 6. Iwe oili ya DSG yenye namba ya Volkswagen G 052 182. Oili ya otomatiki za Toyota au ya CVT, yaani giaboksi ya mkanda, itaharibu klachi. Na simama uone kipimo kinavyochukuliwa: injini inanguruma, gia iko P, gari limekaa sawa kwenye lifti, na joto la oili kwenye kompyuta linasoma kati ya nyuzi 35 na 45. Chini, ndani ya tundu la kumwagia, kuna kijiti cha plastiki chenye tundu katikati. Fundi asikiache nje, maana ndicho kinachoweka kimo cha oili. Oili ikidondoka tone tone kupitia hapo, imetosha. Isipodondoka kabisa, haijafika. Fundi akitaka kupima injini ikiwa imezimwa, au gari likiwa limetoka barabarani lina moto, mwombe asubiri au tafuta mwingine.